Kivimbe cha Kanyere Ndani ya Chupa ya Asali

Nilitoka Butembo siku ya Jumatatu kwa sababu ya kitu kisichozidi kidole gumba. Kilitolewa chini ya titi la kushoto la mdogo wangu Kanyere, na daktari aliyemkata alikilaza ndani ya kopo la plastiki lenye mdomo mpana, ndani ya formoli, ile dawa inayozuia nyama isioze na inayochoma macho kuliko kitunguu.

"Mama Kavira," akaniambia, "mimi kazi yangu ni kukata. Kusoma, hapa hatuna mikroskopi ya kazi hiyo. Peleka Goma. Kile kipande cha sindano kilichosomwa kule mwanzo kilionyesha seli mbaya ndani ya mfereji wa maziwa. Kule watatuambia kama zingali zimefungwa mumo, au zimeshapita ukuta na kuanza safari."

"Na zikiwa zimeanza?"

"Tutatoa titi lote, na dawa kali juu yake, na bado tutakuwa tunazifukuza kwa nyuma. Zikiwa ndani, tumemaliza."

Nikamwomba arudie, nikahesabu: majibu mawili tu. Sokoni hata nyanya zina bei tatu.

Waliokuwa nyumbani wanajua kwa nini nilipewa mimi mzigo huo. Miaka mingi napeleka maharagwe Goma, na mara moja nilifikisha trei za mayai bila hata moja kupasuka. Kanyere alikuwa kitandani, kifua kimefungwa bendeji. Akanishika mkono, mimi yaya wake, dada yake mkubwa.

"Yaya, usiache itetemeke sana."

"Barabara ndiyo iko natetemeka, si miye."

Akacheka, kisha akashika kifua, maana kucheka kulimuuma. Nikaondoka kabla sijamchekesha tena.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa mbele katika lori la Muzee Paluku, dereva ninayemjua tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kopo likiwa kwenye mapaja yangu ndani ya kitenge. Nyuma yetu magunia ya maharagwe, arobaini na mawili. Nilipohesabu tena yakawa arobaini na matatu, kwa sababu kijana mmoja wa kupakia alikuwa amelala juu yake na blanketi la rangi ya gunia.

Baada ya Lubero barabara inapanda hadi mawingu yanakuwa chini ya magurudumu. Ng'ombe wanasimama ndani ya ukungu miguu haionekani, kama wamewekwa juu ya pamba. Nilianza kuhesabu kona. Nilipofika sitini usingizi ukanichukua, na ndotoni nikaendelea kuhesabu: kona, vilima, migongo ya ng'ombe, vifungo vya blauzi ya Kanyere alipokuwa mtoto nikimvalisha kwenda misa. Nilipoamka sikujua zipi zilikuwa kona za kweli. Nikaanza upya.

Kanyabayonga tulifika alasiri, na tulifika tukilia.

"Mama Kavira, uko nalia juu ya nini?" akauliza Muzee Paluku, macho mekundu.

"Siko nalia. Na weye uko nalia juu ya nini?"

"Siko nalia."

Tukatazamana. Machozi yalikuwa yanatiririka kwetu wote wawili na hakuna mtu aliyekufa. Ndipo nikaona kitenge changu kimelowa. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimelegea kwa mitikisiko, na formoli ilikuwa imevuja karibu nusu.

"Hiyo kitu itoke kwa gari yangu," akasema Muzee, "ao kesho pale kwenye mteremko sitaona barabara, na tutafika chini mbele ya gari."

Hapo nikafanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa njia hii angelifanya. Sisi tunajua: mafuta ya mawese, asali, kasiksi ile pombe ya ndizi, chochote kinachochezacheza, weka ndani ya kitu chenye shingo nyembamba. Kopo pana ni la kukaa nyumbani. Shingo nyembamba ndiyo ya safari. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anauza asali katika chupa nzito za kioo.

"Nataka chupa," nikamwambia. "Asali sitaki."

"Asali iko mukati yake, mama. Sasa nitaiweka wapi, kwa kiganja?"

"Mimina kwa kikombe yangu. Ukisha kumimina, chupa haina tena kazi kwako. Nipe bure."

Alinitazama muda mrefu. "Weye ni wa Butembo," akasema, na haikuwa swali. Niliondoka na chupa na nusu ya asali, na hadi leo sielewi nani alimshinda mwenziwe.

Kwa mwenye nyumba tuliyolala niliomba maji ya moto, nikaosha chupa mara mbili, nikaikausha. Kisha nikafunga kidole kwa sashe, kifuko cha plastiki, na kukisogeza kile kivimbe kwenye mdomo wa chupa. Kilikuwa bado laini, laini ya parachichi lililoiva. Kilifika kwenye shingo kikasita. Nikasukuma kidogo. Kikarefuka, kikawa chembamba kama ndizi ya kamaramasenge, zile ndogo tamu, kikateleza polepole, na kilipofika tumboni mwa chupa kikajikunja na kuwa kizima tena. Nikamimina formoli iliyobaki, nikakaza kifuniko, nikaigeuza chupa juu chini. Hata tone. Nikalala nikijipongeza.

Asubuhi ya Jumanne tuliteremka bondeni. Anayejua mteremko wa Kanyabayonga anajua kwamba kwa muda fulani huoni kitu, kisha ukungu unafunguka na tambarare yote ya mbuga inalala chini yako, ya kijani na ya bluu, hadi mahali ambapo ardhi na ziwa na mbingu vinaacha kutofautiana. Muzee Paluku alizima redio bila kuambiwa. Niliinua chupa dirishani, jua likapita ndani yake. Kile kipande kikaelea, kikageuka taratibu, kimeanza kuwa rangi ya majivu. Nikawaza: humo ndani kuna wasafiri wangapi, na wameshatoka au wangali mlangoni?

Bariyeri, vile vizuizi vya kamba barabarani, nilizihesabu hadi Rutshuru, nikazihesabu tena katika kumbukumbu, hesabu zikakataa kupatana. Katika mojawapo kijana mwenye kamba akaona chupa.

"Mama, ni asali hiyo? Tuonjeshe."

"Ni ya hospitali."

Akafungua, akanusa, akaifunga haraka, machozi yakamjaa. "Pita," akasema. "Pita, mama, na pole kwa msiba."

Baada ya Rugari mawe yanaanza kuwa meusi. Kibumba palikuwa na kabichi zilizopangwa kando ya njia kama vichwa vya watu waliokuja kusikiliza mkutano, na Nyiragongo, mlima wa moto, juu yake ikivuta moshi wake bila haraka. Munigi, watu wengi barabarani, kila mmoja na mzigo wake kichwani au mgongoni, wengine wakipanda, wengine wakishuka. Kisha mji wote wa Goma, mabati, na ziwa nyuma yake limetulia kama halihusiki.

Keshero, mtaa wa huko Goma, nilipokelewa na Mama Furaha, mke wa binamu yangu, mtu wa Bukavu, karani, mwenye maneno. Aliniwekea fufu ya muhogo na sambaza za kukaanga. Nilikuwa nazitoa miiba na kuipanga pembeni mwa sahani.

"Angalia batu ya Butembo," akasema. "Munahesabu hata miiba ya samaki!"

"Tunahesabu ili tujue ngapi zimebaki kwa koo."

"Na sisi ba Bukavu tunameza tu, Mungu atahesabu." Kisha akapunguza sauti. "Kanyere anaendelea je?"

Nikamwonyesha chupa. Akaiweka juu ya kabati, mbali na watoto, na usiku huo hakuna aliyetaka asali.

Jumatano asubuhi nikafika maabara. Aliyenipokea ni Daktari Neema, mwanamke mfupi, miwani kichwani, kazi yake ni kusoma nyama za watu. Alichukua chupa, akafungua, akaigeuza juu ya sahani. Formoli ikatoka. Kivimbe kikaja hadi shingoni, kikakaa pale kama kizibo. Akatikisa. Hakikusogea. Akakigusa kwa koleo ndogo, na mimi nikasikia mlio wa kitu kigumu.

"Mama, ni nani aliingiza hii humu?"

"Ni njia, dokta. Njia ni mbaya."

"Njia haina vidole."

Nikatazama sakafu, nikahesabu vigae. Tisa. Tisa tena.

"Ni miye," nikasema. "Kopo ilikuwa inavuja. Nilitaka isimwagike."

Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinieleza kwamba formoli inaifanya nyama kama yai linalochemshwa: inaingia mbichi, inaganda. Jumatatu kilipita kwa sababu kilikuwa laini. Sasa kimeshika umbo lake na hakitalibadili kwa mtu yeyote. Alichukua tupa ndogo, akakwangua kioo kuzunguka shingo, akafunga chupa kitambaa, akagonga mara moja. Kivimbe kikatoka. Upande mmoja ulikuwa na mkwaruzo mrefu, uliokunjamana, mahali nilipokisukuma.

"Tutaona," akasema.

"Jibu lini?"

"Jumamosi."

"Kesho."

"Mama, nyama inapaswa kukaushwa, kuwekwa ndani ya nta, kukatwa nyembamba kuliko karatasi, kupakwa rangi. Jumamosi."

"Ijumaa."

"Hapa si soko."

"Ijumaa jioni."

Akashusha miwani puani, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ijumaa jioni nitakuonyesha. Jumamosi nitaandika."

Alhamisi sikuwa na kazi, na mimi bila kazi ni hatari kwa watu. Nikakaa kwenye kichochoro nyuma ya nyumba ya Mama Furaha, kati ya kuta mbili za mawe meusi, nikatazama chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, ikijaribu kupita. Mwenye chukudu alikuwa anamhamisha mtu: godoro, sufuria, na jiko la chuma. Godoro alilikunja, likapita. Sufuria akaziingiza moja ndani ya nyingine. Jiko likakwama. Aligeuza, akainua, akasukuma kwa bega, jiko likaacha rangi yake ukutani, na mwishowe likapita likiwa limepinda mguu. Mwenye jiko akasema, "Kumbe limepita." Mwenye chukudu akasema, "Limepita, lakini angalia." Jua lilikuwa linashuka ziwani, mawe yalikuwa bado na joto la mchana, na nilihisi kama nimeota mambo hayo.

Ijumaa saa kumi na moja Daktari Neema alinikalisha mbele ya mikroskopi. Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Kisha nchi ikafunguka.

Ilikuwa nchi ya waridi na zambarau. Mashamba ya waridi yasiyo na mwisho, na katikati yake miduara, kila mmoja umezungushiwa mstari mwembamba kama uzio, na ndani ya uzio nukta za zambarau zimesongamana kuliko watu siku ya soko.

"Miduara ni mifereji ya maziwa iliyokatwa," akasema. "Nukta ni viini vya seli mbaya. Huo mstari ni ukuta. Unaona zimesimama wapi?"

"Ndani. Zote ndani. Naweza kuhesabu?"

"Hutamaliza."

"Na zikitaka kutoka, zinatokaje? Hakuna mlango."

Akafungua kompyuta, akanionyesha filamu aliyokuja nayo kutoka alikosomea. Ni seli hai katika vijia vyembamba vilivyotengenezwa makusudi, vyembamba kuliko zenyewe. Nilisogeza kiti. Seli moja ilikuja taratibu hadi kwenye tundu, ikatoa kitu kama mkono, ikapapasa. Mkono ukaingia. Mwili wote ukafuata ukimiminika kama uji mzito, hadi kikabaki kile kiini, kigumu, cha mviringo, kimekwama mlangoni. Seli ikavuta. Kiini kikaanza kurefuka, kikawa soseji, kikawa uzi, na ghafla kikapita, na ng'ambo ya pili seli ikajikusanya ikawa mviringo tena, ikatulia kidogo kama mtu anayeshika pumzi.

"Jiko," nikasema.

"Nini?"

"Kiini ni jiko la chuma. Vingine vyote ni godoro."

Akatabasamu. "Chembe nyeupe za damu zina kiini kilichogawanyika kama shanga kwenye uzi, kwa hiyo zinapita mbio. Ndizo askari wetu, lazima zipite kila mahali. Hizi zingine zinateseka. Mara nyingine ganda la kiini linapasuka njiani. Seli inalishona na kuendelea, lakini si kila mara inabaki ilivyokuwa. Zingine hazijisumbui, zinayeyusha ukuta."

Ningeweza kukaa pale hadi asubuhi, nikitazama vile viumbe vinavyopita bila kelele. Nilisahau ni vya nani. Kisha Daktari akarudi kwenye mikroskopi, akasogeza kile kipande cha kioo hadi pembeni, na uso wake ukabadilika kuwa wa kazi.

"Sasa tazama hapa."

Hapa nchi ilikuwa imevurugika. Uzio haukuonekana. Viini vilikuwa virefu, vimenyooka kama nyuzi, vyote vimeelekea upande mmoja.

"Hizi zimerefuka," nikasema. "Ziko katika safari."

"Ndilo swali. Seli inayopita mahali pa kubana inarefuka hivi. Na seli iliyobanwa na shingo ya chupa inarefuka vilevile. Huu ndio upande ulioukwaruza. Siwezi kujua kama zilikuwa zinatoka zenyewe, ao ni weye uliyezisukuma."

Nikatoa jicho kwenye mikroskopi.

"Dokta, nipunguzie kidogo."

"Mama, hapa sina cha kupunguza."

"Basi sema tu kwamba ni chupa. Andika chupa."

"Na isipokuwa chupa?"

Nimeshapunguza bei ya kila kitu kati ya Butembo na Goma, hata ya jeneza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona mtu anayekataa kwa sababu ananihurumia.

"Kesho nitakata ndani zaidi ya nta," akasema. "Labda chini ya mkwaruzo kuna sehemu nzima."

Jumamosi nilikuwa mlangoni kabla ya mlinzi. Daktari alikuwa amekata vipande vingine. Aliniacha nitazame, na safari hii nilihesabu: mifereji kumi na minane, nikarudia, kumi na minane, uzio wa kila mmoja mzima. Wa kumi na tisa, ule wa kwenye mkwaruzo, uzio wake ulionekana pande zote isipokuwa mahali pamoja padogo, na pale zile nyuzi zilikuwa zimebaki.

Aliandika hivyo hivyo. Kwamba kote kunakosomeka ukuta ni mzima. Kwamba mahali pamoja hapasomeki kwa sababu ya kubanwa baada ya kutolewa. Kwamba upande huo wa titi ukatwe tena kidogo, na kipande kiletwe. Karatasi moja. Niliisoma mara mbili, haikubadilika.

Jumapili baada ya misa Muzee Paluku alikuwa amepakia chumvi na saruji, tukapanda. Alinusa hewa ya gari kwanza. "Leo hatulii?" akauliza. Nikamwambia aendeshe.

Munigi, Kibumba, Rutshuru, njia ileile imegeuzwa, kila kitu kinakuja na mgongo wake kwanza. Niliandaa maneno ya kumwambia Kanyere. La kwanza: barabara ilitikisa sana. La pili: kopo la daktari lilikuwa bovu, ambalo kweli lilikuwa bovu. La tatu: Goma wanataka tu kipande kingine kwa uhakika, ni desturi yao. Yote matatu yangeuzika. Kanyere ananiamini, na mtu anayekuamini hakagui gunia. Lakini kila nilipofumba macho niliona viini vile vimerefuka kuelekea upande mmoja, upande wa kidole changu. Tulipanda Kanyabayonga ukungu ukiwa umeshuka tena, na kwa muda mrefu hapakuwa na barabara wala bonde, weupe tu na sauti ya injini. Nilitamani tusifike haraka.

Jumatatu mchana nikaingia nyumbani. Kanyere alikuwa amekaa uani, anachagua maharagwe kwa mkono mmoja. Hakusalimu.

"Yaya. Zimetoka?"

Katika maisha yangu yote sijawahi kutaja bei ya mwisho kwanza. Siku hiyo nilifanya hivyo nikiwa bado nimesimama, mfuko begani.

"Kote wanakoona, hazijatoka. Mahali pamoja hawaoni, na kosa ni langu. Nilitoa kivimbe chako ndani ya kopo nikakisukuma ndani ya chupa ya asali, kikabanwa. Watakukata tena kidogo upande huo. Ni juu yangu, si juu ya njia."

Mkono wake ukasimama katikati ya maharagwe. Nilichojifunza katika safari hii ningeweza kukieleza kirefu, habari za viini na kuta na mambo yanayopita mahali pa kubana, yanavyotoka upande wa pili yakiwa yamelipa. Lakini pale uani nilijua kitu kimoja tu, kwamba ukimya wake ulikuwa mrefu na kwamba sikuwa na haki ya kuupunguza.

"Chupa ya asali," akasema mwishowe.

"Eeh."

"Ya shingo nyembamba."

"Eeh."

"Nyama yangu, yaya."

"Najua."

Akaokota kijiwe katika maharagwe, akakitupa mbali, karibu na mguu wangu lakini si juu yake.

"Wakiisha kunikata, tutaenda wote wawili," akasema. "Weye utahesabu kona. Kopo nitashika miye."